Kombe la Asubuhi ya Upasuaji

Daktari alituambia tuchague, na hilo ndilo lililonishtua kwanza. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia daktari akimwuliza mgonjwa anapenda atibiwe vipi. Walisema fungua mdomo, ukafungua. Walisema geuka, ukageuka. Lakini huyu, daktari wa nyuso aliyekuja kutoka Nairobi kwa siku chache tu, aliweka kalamu chini, akamtazama binti yangu Waridi machoni, si kwenye kovu, akasema:

"Kuna njia mbili, na zote mbili nimezifanya mara nyingi. Nataka ninyi ndio mniambie."

Ulikuwa mwaka wa 1966. Hospitali ilikuwa upande wa Msambweni, nasi tulikuwa watu wa Mwabungo. Waridi alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Alipokuwa na miaka mitano aliangukia sufuria ya mafuta ya nazi niliyokuwa nikiyapika uani, na shavu lake la kushoto likaungua kuanzia chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo. Kidonda kilipopona, kovu lilijikunja na kuuvuta mdomo upande, ukabaki mwanya mdogo usiofungika. Akinywa, maji humtoka kwa pembe hiyo. Kwa sababu hiyo Waridi alikuwa hanywi mbele za watu. Hata chai ya nyumbani aliinywa akiutazama ukuta, pindo la leso likiwa tayari mkononi.

"Njia ya kwanza ni nusukaputi," daktari alieleza. "Utalala kabisa. Hutasikia, hutaona, wala hutakumbuka. Bwana Garama huyu atakulinda na kukusaidia kupumua mpaka uamke." Mtu mmoja mnene, mpole, aliyeketi karibu na dirisha, aliinua mkono kidogo kama mwanafunzi anayeitwa jina. "Njia ya pili, nitakuchoma dawa ya kukutuliza, uwe kama mtu anayesinzia barazani baada ya chakula cha mchana, kisha nikuchome sindano za ganzi shavuni. Hutasikia maumivu, lakini utasikia sauti zetu, na utajua kwamba navuta na kukata. Nikikwambia funga mdomo, utaweza kuufunga."

"Ipi yenye hatari?" niliuliza.

"Mama, kila moja ina hatari yake kidogo. Usingizi mzito una masharti mengi zaidi. Usingizi mwepesi unataka mtu mwenye moyo wa kutulia, maana akishtuka mkono wangu nao unashtuka."

"Usingizi mwepesi," nikasema.

"Usingizi mzito," akasema Waridi.

Tulisema kwa pamoja. Bwana Garama akacheka. "Haya, kura zimelingana. Nendeni nyumbani mkapige tena."

Mimi nilikuwa na sababu. Dada yangu Mwanafatuma alipelekwa hospitali moja mjini kupasuliwa tumbo, akalazwa kwa nusukaputi, hakuamka. Nilikuwa nimemchukulia leso mpya ya kurudia nyumbani, na leso hiyo ndiyo aliyofunikwa usoni. Tangu siku hiyo neno lile lilikuwa halipiti kwangu bila kunitia baridi. Nilimweleza Waridi haya yote njiani, tena kwa maneno mengi. Tulipofika kwetu alivua buibui, akalikunja vizuri, ndipo akasema:

"Mama, nilikuwa macho."

"Lini?"

"Siku niliyoungua. Na siku zote za kusafishwa kidonda. Yule bwana wa zahanati alipokuwa akibandua kitambaa, nilikuwa nakisikia kinavyobanduka. Sauti ile ninayo mpaka leo. Sitaki kuusikia uso wangu mara ya pili."

Nilikaa chini. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimejituliza kwamba mtoto wa miaka mitano hakumbuki. Hakuwahi kulitaja, nami sikuwahi kumwuliza. Nikamwambia njia iwe aitakayo yeye.

Mume wangu Abdulkadir alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na alipoulizwa alituma jibu kwa mtu: "Atie sahihi mwenyewe, si yeye ndiye msomi wa nyumba?" Ilikuwa dhihaka ya mapenzi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika darasa la watu wazima kwa Mwalimu Karisa, ambako tuliketi kwenye madawati ya watoto huku magoti yakitugusa videvu. Kwa hiyo siku ya kutia sahihi, muuguzi Mapenzi aliponisogezea kidau cha wino ili nichovye kidole gumba, nilimwomba kalamu. Fomu ilikuwa ya zamani, taji la Mwingereza likiwa limekatwa kwa mstari wa wino. Mapenzi akanisomea yaliyokuwa kwa Kiingereza, nami nikaandika jina langu lote, Mwanasiti binti Mwinyi, polepole, mpaka waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukohoa.

Pamoja na fomu nilipewa karatasi ya Kiswahili yenye masharti. Mgonjwa asile wala asinywe chochote tangu saa sita za usiku. Asivae pete wala bangili. Asipake mafuta usoni. Niliisoma mara tatu mbele ya Mapenzi, na nilipofika nyumbani niliibandika ukutani kwa uji wa unga.

Jirani yetu Bi Mishi aliiona. Hakujua kusoma, lakini alijua kuuliza.

"Hebu, Mwanasiti. Mtoto ana miguu miwili, ana mikono miwili, hana homa. Mwampeleka akakatwe uso kwa ajili ya urembo?"

Kabla sijafungua kinywa, Waridi alimjibu kutoka ndani: "Bi Mishi, mimi nataka siku moja ninywe chai huku nakutazama wewe."

"Kwa sura gani ya kutazamwa niliyo nayo mimi?" alisema Bi Mishi, akaenda zake akicheka. Lakini mlangoni aligeuka na kuninong'oneza: "Umemtafutia kinga?"

Nilikuwa nimekwisha mtafutia. Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwa Mwalimu Mwinyihaji wa chuoni, ambaye amewasomesha watoto wangu wote Kurani. Alichukua sahani nyeupe, akakoroga zafarani kwa marashi, akaandika Ayatul Kursiyyu na aya nyingine kuizunguka sahani yote mpaka weupe ukaisha. Kisha akaosha maandishi yale kwa maji safi, akayatia katika chupa ya soda na kuiziba kwa kitambaa. Hilo ndilo kombe, ambalo kwetu hunywewa na mgonjwa, na mzazi anayekaribia kujifungua, na kila anayeingia katika jambo zito.

"Alinywe akikaribia mlango wa hospitali," aliniagiza, "ameelekea kibla. Na asibakishe."

Nilirudi nalo nikilishika kwa mikono miwili. Naandika haya ili ieleweke kwamba sikuwa mzembe, kwa maana hapo ndipo aibu yangu ilipo. Usiku ule wa kuamkia upasuaji niliumwaga mtungi wa chumbani. Nilimrudisha mtoto wa Bi Mishi na mahamri yake mlangoni. Alfajiri, Waridi alipokuwa akitia udhu, nilimsimamia kwenye kusukutua.

"Tema."

"Nimetema, mama."

"Tema tena. Karatasi imesema."

Akatema tena, akanitazama kwa jicho la huruma.

Tulifika kwenye ua wa hospitali saa moja na nusu. Kabla ya kuingia nilimvuta kando ya ukuta, tukaelekea kibla, nikafungua chupa. Alikunywa lote kwa mara moja, kichwa kimeinuliwa, na kama kawaida matone yalimtoka kwa pembe ya mdomo. Nilimfuta kwa pindo la leso yangu. Kisha tukaingia, nafsi yangu ikiwa imetulia kuliko siku zote za juma lile.

Mapenzi alikuwa na orodha yake. "Amekula?"

"Hajala."

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

Waridi naye alitikisa kichwa. Hatukusema uongo, laiti tungalisema uongo, ningalikuwa na kitu cha kutubia. Wakamvika gauni jeupe, wakamvua vipuli, akaviacha mkononi mwangu, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Niliketi kwenye benchi kando ya mama mmoja aliyetoka mbali, upande wa Kinango, jina lake Jumwa. Alikuwa amempakata binti yake mdogo aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, naye alikuwa wa pili kwenye orodha. Mtoto alilia kiu mpaka sauti ikakauka. Mapenzi alipopita, Jumwa alimshika nguo.

"Dada, hata nimloweshe ulimi tu?"

"Hata tone, Jumwa."

"Lakini mtoto anakauka."

Mapenzi alichuchumaa mbele yake, akasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi: "Sikiliza, mama. Mtu akilazwa kwa nusukaputi na tumbo lina kitu, kile kitu hupanda. Kikipanda kinaingia njia ya pumzi. Na yeye amelala, hawezi kukohoa wala kutema. Anazama kama mtu wa baharini, naye yuko kitandani, sisi tunamtazama."

Nilitikisa kichwa kumwunga mkono. Nakumbuka vizuri kwamba nilimgeukia Jumwa nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Imeandikwa kwenye karatasi, mwenzangu. Mimi nimeisoma." Kisha, kwa kumwonea imani yule mtoto, nikashika pindo la leso yangu ili nimfute machozi.

Pindo lilikuwa na doa la manjano.

Nililitazama doa lile, nisielewe ninachokitazama. Lilikuwa bado bichi. Lilinukia marashi. Halafu maneno ya Mapenzi yakarudi moja moja, kinapanda, kinaingia, hawezi kutema, na nikaiona chupa ya soda ikiinuliwa mpaka tone la mwisho, na mkono ulioishika ulikuwa wangu.

Sijui niliinukaje. Jumwa alinieleza baadaye kwamba nilipiga ukelele mmoja tu, "Amekunywa!" na kwamba viatu vyangu vilibaki chini ya benchi. Nakumbuka mlango ulikuwa mzito, nami niliupiga kwa viganja vyote viwili, na Mapenzi akinivuta nyuma kwa kiuno, na mimi nikisema neno lile lile moja, mpaka mlango ukafunguka kwa ndani.

Waridi alikuwa amelala chali mezani. Mkono wake ulikuwa umefungwa kamba ya mpira, na Bwana Garama ameinama juu yake, sindano imo vidoleni. Ilikuwa bado haijamgusa.

"Acha," daktari alimwambia. Kwangu akasema: "Mama, amekunywa nini?"

"Kombe."

Alimtazama Mapenzi, kwa kuwa hakuwa mtu wa pwani. Mapenzi alijibu kwa sauti kavu: "Maji, daktari. Maji ya aya za Kurani."

"Kiasi gani?"

"Chupa ya soda," nikasema.

"Nzima?"

"Nzima. Tuliambiwa asibakishe."

"Lini?"

"Hapo nje. Ukutani."

Bwana Garama aliiweka sindano kwenye sinia. Alivuta kigoda, akaketi, akajifuta paji la uso kwa mkono wa gauni lake. Kisha alisema, si kwa hasira, "Dakika moja, mama. Ungechelewa dakika moja tu."

Hasira ilikuwa ya Mapenzi. "Nilikuuliza, Bi Mwanasiti! Nilikuuliza kwa kinywa changu."

"Uliniuliza kama amekunywa. Lile si la kunywa, mwanangu. Lile ni kinga, ni…"

"Ungempa mchana wa Ramadhani?"

Mapenzi alikuwa Mkristo wa Kigiriama, lakini amekulia kati yetu. Singempa, bila shaka. Kombe hufunguza saumu, hata mtoto wa chuoni analijua hilo. Mimi nilikuwa nimemwekea Mungu hesabu moja ya kunywa, na hospitali hesabu nyingine, na hata siku moja sikuzileta pamoja. Niliogopa usingizi ule kuliko kitu chochote, nikatafuta kinga dhidi yake, na kinga yenyewe nikaigeuza kuwa ya kumwua mwanangu.

Daktari alimfungua Waridi ile kamba ya mkono, akamwinua akaketi. Alizungumza naye yeye, si mimi.

"Nusukaputi kwa leo haipo tena. Nikisema tungoje tumbo liwe tupu, itafika alasiri, na mimi saa nane lazima niwe njiani kuelekea Likoni. Hata ile dawa ya kutuliza siitaki sasa, kwani nayo hulegeza koo. Ninachoweza kufanya leo ni ganzi peke yake. Utakuwa macho kabisa. Au uende nyumbani, nami nikirudi mwakani nitakutafuta. Lakini kurudi kwangu siwezi kukuahidi."

"Twende nyumbani," nikasema upesi. "Waridi, vaa nguo zako, mama. Twende."

Waridi alinitazama. Midomo yake ilikuwa mikavu, na kwenye ile pembe palikuwa bado na rangi ya zafarani ambayo mpaka wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona.

"Mama," alisema, "wewe umekwisha kuchagua mara moja leo."

Hakuna kofi lililowahi kuniuma kama hilo. Kisha akamgeukia daktari. "Nichome ganzi. Lakini mama aingie. Aketi karibu na sikio langu, apige kelele yoyote, nisisikie mkasi."

Daktari alifikiri, akampa Mapenzi ishara. Wakaniosha mikono mpaka viwiko, wakanivika gauni na kunifunika mdomo kwa kitambaa. Niliwekewa kigoda upande wa sikio la kulia. Sindano za ganzi zilipoanza kuingia, Waridi aliubana mkono wangu, nami nikaanza kumsomea Yasini, ambayo naijua kwa moyo tangu utoto. Sikuwa nimefika mbali.

"Mama, hiyo ni ya wanaokata roho. Nisomee kitu kingine."

Akili yangu ilikuwa imetoweka. Aya zote nilizohifadhi zilinikimbia. Nilimwomba Mapenzi aniletee kikapu changu kutoka benchini, kwa kuwa ndani yake kilikuwamo kitabu cha darasa letu. Alinishikia mbele ya macho ili mikono yangu isiguse kitu. Kilifunguka kwenye somo la kumi na nne.

"Chimba shimo lako mbali na kisima," nilisoma. "Hatua thelathini. Choo kiwe na kifuniko. Nzi akitua chooni, kisha akatua kwenye chakula…"

Mabega ya Waridi yalitikisika.

"Asicheke!" alisema daktari. "Mama, ruka hiyo ya nzi."

"Siwezi kuruka, daktari, nitapotea."

"Basi soma, lakini kwa huzuni."

Nilisoma kwa huzuni. Nilisoma choo, nikasoma mbegu za pamba, nikasoma ushirika wa wavuvi. Kila niliposikia mkasi niliinua sauti. Mara moja tu niliyatoa macho yangu kitabuni, na nikaliona shavu la mwanangu limefunguliwa kama pindo la nguo linalofumuliwa, jekundu ndani, na jicho lake la kulia likinitazama kutoka kando ya shuka, wazi, linapepesa. Lile jicho lilikuwa likiningoja. Niliutafuta mstari wangu, nikaendelea.

Ilichukua saa moja na dakika arobaini. Mwishoni daktari alisema, "Funga mdomo," naye akaufunga, na nyuzi nyeusi zikajipanga kutoka jicho mpaka pembeni. Mwanya haukuwapo.

Alitaka maji. Mapenzi alimletea kikombe, na Waridi akakipeleka mdomoni mbele yetu sote, bila kugeuka. Maji yakamwagika kidevuni, yakalowesha gauni. Nilipiga kelele tena; niliona kazi yote imepotea.

"Ni ganzi, mama," alisema Bwana Garama akiwahi kunishika bega. "Mdomo umelala. Huyu wenu ndiye mtu pekee hapa ndani aliyelala mdomo peke yake."

Kabla hatujaondoka, Mapenzi alinifuata barazani, karatasi ya masharti na kalamu mkononi. Hasira ilikuwa imemshuka. "Niambie, Bi Mwanasiti. Kuna nini vingine mnavyokunywa ambavyo kwenu si kunywa?"

Nilianza kuhesabu, na kila nilichokitaja kilinishtua zaidi. Kombe. Maji ya zamzam. Maji ya kusomewa dua. Mate ya mwalimu katika kikombe. Asali ya kulambishwa mtoto kwa kidole. Alinipa kalamu, nikaandika yote chini ya ule mstari wa kwanza, herufi zikishuka upande mmoja. Jumwa alikuwa anapita na binti yake begani, naye zamu yake ilikuwa imefika. Hakujua kusoma. Nilimsomea.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi. Jioni ile Waridi alipika chai ya tangawizi, akaileta barazani, akaketi mkabala nami. Leso yake ilikuwa imefungwa kiunoni, pindo halikuwa mkononi. Aliinua kikombe, akanitazama usoni, akanywa. Alikunywa taratibu, bila kuyaondoa macho yake kwangu, mpaka akafika chini, na hata tone moja halikuanguka.

Ni mimi niliyeutazama ukuta.